Saa kumi na mbili jioni: pikipiki inasimama, mhami anatembea

GOMA – Mara nyingi usalama ulipoharibika mjini, dawa ya wakubwa wetu ilikuwa ile ile: pikipiki zisitembee tena kuanzia saa kumi na mbili jioni. Tangazo lilisomwa redioni, na mimi mwenyewe nililisoma. Leo naomba niseme wazi kwamba dawa hii haimfikii mwizi. Inamfikia mama mwenye mzigo.

Kwetu huku jua linazama karibu saa hiyo hiyo mwaka mzima. Ndiyo saa soko la Virunga linafungwa. Ndiyo saa mama aliyefua nguo za watu Birere anapewa malipo yake. Kama analala Bulengo, karibu kilomita kumi bado zinamngoja.

Tufanye hesabu. Tuseme amelipwa franka 5,000. Asubuhi alilipa 1,500 kwa kuja. Saa kumi na moja motari anaona kwamba saa inakimbia na watu ni wengi, anamwomba 3,000. Zinabaki franka 500 kwa unga, chumvi na makala. Akikataa, anatembea gizani kwenye barabara ya Sake, mtoto mgongoni. Magari ya abiria? Ni machache saa hiyo, yamejaa, na mengine yanakata safari Ndosho ili yalipishe mara mbili.

Jioni moja nilitoka kazini saa kumi na mbili na robo. Kutoka Signers mpaka Ndosho nilitembea pamoja na mkururo wa watu: wanafunzi, wabeba mizigo, wamama wahami. Jipe zilikuwa zinatupita, vioo vimefungwa. Mwenye jipe hakuwa na tangazo lililomhusu.

Najua jibu: wezi na wauaji wanatumia pikipiki. Ni kweli, na kuna familia zinazolia kwa sababu hiyo. Lakini anayebeba bunduki usiku hangoji ruhusa ya mtu. Anayetii amri ni motari mwema, yule ambaye angepita barabarani, akaona, akapiga simu. Tukimwondoa yeye pamoja na abiria wake, barabara tupu tunamwachia nani?

Na mgonjwa je? Uchungu wa kuzaa hauulizi saa. Wakati wa amri hiyo, mama akishikwa usiku, hakuna pikipiki, na motari anayethubutu anaogopa kusimamishwa njiani na kunyang'anywa chombo chake. Kuna chukudu, lakini chukudu ilitengenezwa kwa makala na viazi, si kwa mama mjamzito.

Hatuombi mji usilindwe. Tunaomba ulindwe kwa akili. Kila motari avae fulana yenye namba kubwa inayosomeka kwa mbali, na chama chake kijue anaitwa nani na anakaa wapi. Askari wa doria wawekwe kwenye barabara ya Sake saa za jioni, wakati watu wanapita. Bei ya safari ibandikwe Signers, Ndosho na Mugunga, kwa Kiswahili, ili mhami ambaye ametoka Masisi jana asidanganywe. Na anayebeba mgonjwa apite bila kulipa kitu kwa mtu yeyote.

Ninyi wamotari pia, ndugu zangu, mnisikie. Ninajua mafuta ni ghali, na vizuizi vinawakula. Lakini kumlipisha mara mbili mtu aliyekimbia vita, eti kwa sababu anaogopa giza, ni kula pamoja na wale waliomkimbiza.

Wakubwa wa mji, kabla ya kutia sahihi tangazo lingine, acheni jipe nyumbani siku moja. Tokeni Birere saa kumi na mbili jioni, kwa miguu, mpaka Bulengo. Tutawangoja huko, na mikrofoni iko tayari.