Habari za wapiga picha zichapwe kwa Kiswahili

Napenda kueleza jambo linalowahusu wananchi wengi wanaoishi kwa kamera zao, lakini ambalo halizungumzwi ipasavyo.

Magazeti yetu hutuletea ratiba za mechi, zabuni za Serikali, minada na nafasi za kazi. Mwanamichezo, mkandarasi na mtafuta kazi kila mmoja anajua ukurasa wa kufungua. Mpiga picha hana ukurasa wake. Akitaka kujua shindano la picha linafungwa lini, maonyesho yako wapi, au mafunzo yanatolewa kwa masharti gani, itambidi awe na rafiki Dar es Salaam au Nairobi wa kumnong'oneza. Habari zenyewe huwa kwa Kiingereza au Kifaransa, na zikifika Tabora, Songea au Bukoba zimekwisha kuchacha.

Watakuwapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya starehe. Hapana. Zamani mtu akitaka picha alikuja studio. Leo kila mtu ana simu yenye kamera mfukoni, na fedha za picha za kipaimara na mahafali zinazidi kupungua. Mpiga picha wa kazi anayetaka kuendelea kula kwa jasho lake ni lazima apate wateja wakubwa zaidi: magazeti, mashirika, wachapaji vitabu. Hao humwamini mtu ambaye picha zake zimeonekana mahali na kupimwa na wajuzi. Kwa hiyo aliyekosa tangazo la shindano amekosa kazi pia.

Wala tusidhani kwamba milango hiyo ni ya watu wa mbali tu. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943, alianzisha shirika lake la Camerapix hapa hapa Dar es Salaam mwaka 1963. Ndiye aliyepiga filamu ya njaa ya Ethiopia iliyoonyeshwa na BBC mwezi Oktoba, 1984, na dunia nzima ikaanza kuchangia chakula. Mkono wa mtu wa Afrika Mashariki ndio ulioshika kamera ile.

Na nafasi zipo. Shindano la World Press Photo, lililoanzishwa Uholanzi mwaka 1955, halitozi kiingilio. Tangu shindano la mwaka 2022 picha zimekuwa zikipimwa kwa kanda, na Afrika ni kanda yenyewe, ili picha za kwetu zisimezwe na wingi wa zile za Ulaya na Marekani. Kule Bamako, Mali, maonyesho makubwa ya picha za Afrika yalianza mwaka 1994. Addis Ababa na Lagos walianzisha matamasha yao mwaka 2010. Jirani zetu wa Uganda walianzisha tuzo ya picha za magazeti mwaka 2012, na baadaye wakaongeza tuzo ya wapiga picha wa Afrika Mashariki. Je, ni wapiga picha wangapi wa mikoani waliopata kuyasoma hayo kwa lugha yao, mapema, wakiwa bado na muda wa kujitayarisha?

Nasema mapema kwa sababu mashindano haya yana masharti ambayo mtu hawezi kuyatimiza usiku wa mwisho. World Press Photo hudai faili la asili, yaani lile ambalo kamera yenyewe imeliandika kabla picha haijaguswa na mtu. Mwaka 2015 kiasi cha mmoja kati ya watano waliofika hatua ya kabla ya mwisho waliondolewa kwa kuzirekebisha picha zao kupita kiasi. Mwaka huo huo mshindi mmoja alinyang'anywa tuzo kwa sababu picha aliyosema ameipiga mji mmoja ilikuwa imepigwa mji mwingine. Mpiga picha wetu ambaye hufuta mafaili ya asili ili kupata nafasi kwenye kadi, na haandiki tarehe wala mahali, ameshindwa kabla ya kutuma. Lakini tumlaumuje wakati hakuna aliyempa habari?

Tena, habari iliyochelewa yaweza kumtia mtu hasara. Kwa miaka mingi mafundi wa kamera waliambiana kwamba soko kubwa la zana za picha duniani ni Photokina, mjini Köln, Ujerumani. Lilianza mwaka 1950. Mara ya mwisho lilifanyika mwaka 2018. La mwaka 2020 lilifutwa na waandaaji wakalisimamisha kwa muda usiojulikana. Mtu anayeweka akiba ya nauli kwa kufuata maneno ya zamani anaweka akiba ya safari isiyokuwapo.

Jambo kubwa zaidi, Ndugu Mhariri, ni masharti yanayoandikwa kwa herufi ndogo. Nimewahi kuyasoma masharti ya shindano moja la kampuni ya biashara. Yalisema kwamba kila picha itakayotumwa, hata isiyoshinda, itatumiwa na mwandaaji popote, kwa muda wote, bila malipo na bila kulazimika kutaja jina la aliyeipiga. Hilo si shindano. Ni njia ya kujaza ghala la picha za matangazo kwa bei ya zawadi moja. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda picha kama inavyokilinda kitabu na wimbo, na haki hiyo humwangukia aliyeipiga mara anapoipiga. Lakini akiisha kukubali mwenyewe kuigawa haki hiyo, kuirudisha ni kazi ngumu. Masharti hayo yakiwa kwa Kiingereza cha wanasheria, wengi hubonyeza "nakubali" wakitazama zawadi tu.

Nafahamu nitajibiwa kwamba siku hizi kila kitu kimo katika intaneti. Ni kweli kimo, lakini kimo pamoja na matapeli. Yapo matangazo ya "tuzo za kimataifa" ambazo kazi yake ni kukusanya viingilio, na mtu aliye peke yake na simu yake hana namna rahisi ya kutenganisha pumba na mchele. Gazeti lina waandishi, lina namna ya kuuliza, na likichapa jambo linawajibika nalo. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini gizani hata mwenye macho hupapasa.

Kwa hiyo natoa mapendekezo matatu. Kwanza, gazeti hili litenge nafasi ndogo mara moja kwa wiki kwa habari za wapiga picha. Kila tangazo lijibu maswali matano tu: nani anaandaa, nani anaruhusiwa, kiingilio ni kiasi gani, mwisho ni lini, na picha zitakuwa mali ya nani baadaye. Tangazo lisilojibu swali la tano lisichapwe. Pili, maofisa utamaduni wa wilaya wabandike nafasi hiyo kwenye mbao za matangazo, kama wanavyobandika habari za ngoma na michezo. Tatu, wapiga picha wenyewe tuache kuoneana wivu kwa kufichana habari. Fundi anayemficha mwenzake tangazo leo, kesho atafichwa yeye.

Agosti 19 huadhimishwa kuwa Siku ya Picha Duniani, kwa kukumbuka siku ile ya mwaka 1839 ufundi wa Daguerre ulipotangazwa hadharani nchini Ufaransa. Ingefaa siku hiyo kila mkoa uwe na ukumbi mmoja wenye picha za wapiga picha wake ukutani, na jina la kila mmoja chini ya picha yake. Gharama yake ni misumari na karatasi. Kinachotakiwa kwanza ni mtu kuwaambia, kwa Kiswahili, na kwa wakati.



Mpiga Picha wa Mkoani,
Tabora.