Daftari la damu la kaka yangu

Msibani niliambiwa na kila aliyenipa mkono kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Sibishi. Ila maneno hayo yakishatamkwa, hakuna anayeuliza tena marehemu aliugua nini, wala nani mwingine katika ukoo ana ugonjwa huo.

Kaka alikuwa na selimundu. Alipokuwa mchanga vidole vyake vilivimba, na majirani zetu wa Kirumba, Mwanza, wakasema karogwa. Akakua, akawa fundi simu. Mvua za masika zikianza alishinda na jaketi, kwani baridi huamsha maumivu ya mifupa. Chini ya meza hakikukosekana kidumu cha maji ya kunywa, na vidonge vyake vya foliki vilikaa droo moja na bisibisi.

Ndani ya droo hiyo nilikuta daftari. Kila mstari una jina, namba ya simu, kundi la damu na mwezi ambao mtu huyo alichangia mara ya mwisho. Wamo bodaboda wa kijiweni, wanakwaya, na mama ntilie wa kundi O hasi ambaye jina lake kalipigia mistari miwili. Mwezi aliuandika kwa sababu mwanamume huchangia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke minne, naye hakupenda kumsumbua mtu kabla ya zamu yake. Wengi hawakuwahi kumchangia yeye. Aliwaitia watoto waliolazwa, pale mzazi aliyetoka kijijini anapoambiwa atafute wachangiaji na mjini hamjui mtu.

Siku nilipoanza kupiga zile namba, usingizi ulirudi. Huzuni haijaisha, wala siitegemei iishe. Nilikuwa nikisumbuka na swali moja: kwa nini yeye, nami nimezaliwa tumbo lilelile? Jibu nililopewa ni la kitabibu tu. Baba na mama wote wana kinasaba cha selimundu bila kuugua, na kwa wazazi wa aina hiyo kila mimba ina uwezekano wa robo wa kupata mtoto mgonjwa. Kaka alirithi kwa wote wawili, mimi kwa mmoja. Hakuna alichokosea, nami hakuna nilichostahili. Kilichobaki mikononi mwangu ni kazi yake, na ndiyo inayoniamsha asubuhi.

Kazi yenyewe ni kubwa. Takriban watoto 11,000 huzaliwa na selimundu nchini kila mwaka. Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kupandikiza uloto kwa watoto wenye ugonjwa huu, jambo la kujivunia, lakini walio wengi wanachohitaji wiki hii ni chupa ya damu.

Yapo makanisa yanayowataka wachumba wapime virusi vya Ukimwi kabla ya ndoa. Nawasihi wachungaji, mapadri na masheikh waongeze kipimo cha selimundu. Si kwa ajili ya kuvunja uchumba, bali wawili hao wajue, na mtoto apimwe mara tu anapozaliwa.

Nawe msomaji, kama umri wako ni kati ya miaka 18 na 65, uzito haupungui kilo 50 na afya yako ni njema, nenda kituo cha damu salama kabla hujapigiwa simu na ndugu aliye wodini.