Daftari la Wiki: Herufi za Mkiani

Stika ya maji, ambayo ndiyo hubandikwa kwenye mifano midogo ya ndege za kivita, ni nyepesi kuliko ganda la kitunguu: ni rangi iliyochapwa juu ya utando unaopitisha mwanga, nao utando umelazwa juu ya karatasi iliyopakwa gundi inayoyeyuka majini. Ikichovywa kwa muda mfupi katika maji ya uvuguvugu, gundi huachia, na fundi huitelezesha hadi ubavuni mwa ndege ya plastiki, akaisogeza kwa ncha ya brashi mpaka ikae mahali pake. Katika kipimo cha 1/72, ambapo kila sentimita 72 za ndege halisi huwa sentimita 1 ya mfano, ndege aina ya F-4 Phantom, yenye urefu wa karibu mita 18, huwa na sentimita 25 tu, na onyo lililoandikwa kwa herufi za sentimita 5 hushuka hadi milimita 0.7, hata hivyo wachapaji mahiri, kama Cartograf wa Italia, huyachapa maandishi hayo yakasomeka kwa kioo cha kukuzia.

Adui wa kazi hii ni hewa. Rangi isiyong'aa ina uso wenye vinundu visivyoonekana kwa macho, na hewa inayonaswa kati ya vinundu hivyo na utando hurudisha mwanga, hata pembezoni mwa nembo pakametameta kama magamba ya samaki. Kwa hiyo ndege hupakwa kwanza vanishi ing'aayo, ikabandikwa stika, ndipo ikafunikwa kwa vanishi iliyofifia. Kiko pia kilainishi cha majimaji, ambacho hukunja utando makunyanzi ya kutisha kabla ya kuulaza kwenye kila mfereji wa bati. Asiyejua hukimbilia kuunyoosha kwa kidole, naye huuchana.

* * *

Mkia wa ndege ya Jeshi la Wanamaji la Marekani husomeka kama anwani. Kati ya herufi mbili zinazoandikwa hapo, ya kwanza hutaja upande wa bahari, A ikiwa ya Atlantiki na N ya Pasifiki, na ya pili hutambulisha kundi la ndege linalosafiri na manowari fulani; namba ya tarakimu tatu iliyo puani hutaja kikosi ndani ya kundi hilo, na inapoishia kwa sufuri mbili, ndege huhesabiwa kuwa ya kamanda wa kundi zima. Phantom yenye herufi NG na namba 100, ya kikosi cha VF-96 kilichokuwa kwenye manowari ya USS Constellation, ndiyo waliyoirusha Randy Cunningham na William Driscoll tarehe 10 Mei 1972, wakaangusha ndege tatu za MiG juu ya Vietnam Kaskazini, na walipokuwa wakirudi wakapigwa na kombora lililorushwa kutoka ardhini, wakaruka kwa miavuli na kuokolewa baharini.

Ndege yenyewe haikurudi, na hapo ndipo penye mtego, kwa sababu hakuna mtu aliyepata nafasi ya kuichora alama za ushindi wa siku ile. Fundi anayezibandika kwenye mfano wake, hata kama kila msumari umekaa sawasawa, ameunda ndege ambayo haikupata kuwepo hata kwa saa moja. Kila stika, kwa hakika, ni dai kuhusu tarehe, na madai mengi hutegemea picha ya ubavu mmoja tu, ule wa pili ukiachiwa makisio ya mchoraji.

* * *

Nembo nazo hurithiwa. Fuvu la kichwa lenye mifupa iliyopishana lilipamba ndege za Corsair za kikosi cha VF-17 mwaka 1943. Baadaye likawa la VF-84, lililoonekana kwenye mikia miwili myeusi ya F-14 Tomcat katika filamu ya The Final Countdown ya mwaka 1980. Na VF-84 kilipovunjwa mwaka 1995, VF-103 kiliacha jina lake la zamani kikatwaa jina la kikosi hicho, Jolly Rogers, pamoja na fuvu lake, mfano wa mtoto anayepewa jina la marehemu ili somo asipotee.

Fuvu hilo, hata hivyo, lilikuwa limekwisha kupauka. Katika miaka ya 1980 ndege za wanamaji zilipakwa kijivu juu ya kijivu ili zisionekane kwa urahisi angani, na nembo zikafuata rangi hiyo, isipokuwa kwenye ndege chache, hasa ile ya kamanda, zilizoruhusiwa kubaki na madoido. Ndiyo maana kabati la mwanamifano hudanganya kidogo: limejaa ndege za makamanda, ilhali kwenye sitaha ndege hizo zilikuwa za kuhesabu kwa vidole.

* * *

Katika seti za Me 262, jeti ya Ujerumani iliyoingia vitani mwaka 1944, alama ya swastika ya mkiani mara nyingi huwa haipo, au huchapwa vipandevipande ili mnunuzi aiunganishe mwenyewe. Kisa chake ni kifungu cha 86a cha sheria ya jinai ya Ujerumani, kinachokataza kuonyesha hadharani nembo za Wanazi, pamoja na kuachia nafasi sanaa, elimu na utafiti. Kiwanda huuza vijiti vilivyonyooka tu. Nembo huzaliwa mezani kwa mteja.

* * *

Utando wa stika za zamani hugeuka manjano. Mafundi huzitia katika mfuko wa plastiki usio na rangi, wakazibandika kwenye kioo cha dirisha zielekee jua kwa siku kadhaa au majuma, na umanjano hutoweka. Lakini zikisahauliwa hapo, jua huanza kula na wekundu wa nembo.