Lushoto siyo ya jaketi moja

Wadau, Juni mpaka Agosti vijana wa Chumbageni tukipanda Lushoto, kila mtu na lijaketi lake zito, ndani fulana ya pamba. Mpaka basi lifike Mombo, jasho limeshailowesha fulana. Kule juu, kama mita 1,400 hivi, upepo ukipiga, pamba iliyolowa inakunyonya joto lote, jaketi linabaki pambo tu!

Mimi naona bora nguo tatu nyepesi: ndani jezi ya Coastal Union (poliesta inakauka upesi), kisha sweta la sufu la mtumba, halafu koti jepesi la kuzuia upepo na manyunyu. Mkianza kutembea kwenda Irente, vueni sweta mapema, kabla jasho halijaanza. Mkifika ukingoni vaeni tena haraka, picha baadaye.