"Nzuri" Si Maoni: Acheni Kuhesabu Salamu za Watu



Kila matokeo ya kura ya maoni yakitoka tunagawanyika makambi mawili. Watawala wanayapunga kama cheti cha shule: wananchi wameridhika, asilimia hizi hapa. Sisi wa nje tunajibu kwa dharau: Watanzania waoga, wamezoea kuburuzwa. Naomba kutofautiana na kambi zote mbili, na ushahidi wangu wa kwanza nautoa hapa ninapoishi, Abu Hamour, Doha.

Mwaka 2022, miezi michache kabla ya Kombe la Dunia, kijana mmoja mwenye fomu aliingia kwenye nyumba tuliyopanga Watanzania, Wakenya na Waganda, wengi walinzi na madereva. Kiswahili hakijui, nikaombwa kutafsiri. Swali: umeridhika kiasi gani na malazi yako, moja mpaka tano? Mzee mmoja wa Tanga, dereva, mkubwa wetu mle ndani, akajibu: "Nzuri, baba, twamshukuru Mungu." Kijana akaandika tano. Chakula, tano. Mwajiri, tano. Mlango ulipofungwa tu, mzee akaanza: kiyoyozi kimekufa wiki ya tatu, chumba kimoja watu sita, saa za ziada hazijalipwa tangu Ramadhani. Nikamuuliza, mzee wangu, mbona hukumwambia? Akanishangaa. "Mwanangu, mgeni katoka juani, jasho linamtiririka, hata maji hajanywa, nimlaki kwa kilio? Kwani yeye fundi wa viyoyozi?"

Nilitafsiri kila neno sawasawa, na bado nilisaidia kuandika uongo.

Hivi jamani, nani kati yetu hajui jambo hili? Mswahili akiulizwa habari hujibu nzuri, hata akiwa kakaa matanga. Kisha ndipo inakuja "ila". Nzuri, ila mtoto anaumwa. Nzuri, ila tumefiwa. Habari yenyewe iko nyuma ya hiyo "ila", na ikifika, mwenye fomu kashafungua ukurasa wa pili. Huo si unafiki. Ni adabu ya kumpokea mtu kabla ya kumtwisha mzigo.

Sasa nendeni Tanzania. Afrobarometer walipofanya utafiti wao wa kwanza huko mwaka 2001, walikuta imani kubwa kwa serikali kiasi kwamba ripoti ya watafiti wao ya 2002 ilijiuliza kwenye kichwa chake kama Watanzania ni raia wasiohoji au ni watu wenye subira tu. Kumbukeni mwaka huo. Januari 26 na 27 watu zaidi ya 30 waliuawa Zanzibar kwenye maandamano, na Wapemba wakavuka bahari mpaka Shimoni, Kenya. Nchi isiyohoji haitoi wakimbizi. Nawapa sifa Afrobarometer kwa jambo moja: mwisho wa mahojiano huuliza, unadhani nani katutuma? Nchi baada ya nchi, sehemu kubwa ya watu hujibu: serikali. Hata baada ya kuelezwa mwanzoni kwamba siyo! Basi hayo majibu yote ya juu yake yasomwe kama maneno aliyoambiwa mjumbe wa serikali sebuleni kwa mtu.

Kuna watakaosema hiyo siyo adabu, ni hofu. Sawa, lakini viwili hivi huvaa kanzu moja, na hofu ina sababu. Hapa Qatar, mpaka 2020 mfanyakazi hakuweza kuhama kazi bila ridhaa ya mwajiri. Unamuuliza nini juu ya mwajiri huyo? Na nyumbani je? Sauti za Wananchi ya Twaweza, inayowapigia simu watu walewale mara kwa mara, ilionyesha wanaokubali utendaji wa Rais Magufuli wakishuka kutoka asilimia 96 mwaka 2016 hadi 71 mwaka 2017 na 55 mwaka 2018. Waoga hao wamepata wapi ulimi? Ukimzoea mtu, "ila" inatoka. Lakini tazameni kilichofuata: COSTECH ikawaandikia Twaweza kuhoji kibali, pasipoti ya mkurugenzi wake, Aidan Eyakuze, ikazuiwa, na Septemba Bunge likabana Sheria ya Takwimu, mpaka ilipolegezwa 2019. Serikali iliyoshangilia 96 haikuwahi kuuliza 96 ile ilipatikana kwa kibali gani.

Kwa hiyo msituletee tena "umeridhika kiasi gani". Hata hayo maneno "sana" na "kiasi" kila mtu anayapima kwa kibaba chake. Kaeni, kunyweni chai, mwenyekiti wa mtaa atoke nje, kisha ulizeni kilichotokea: maji yalitoka siku ngapi wiki hii? Ulitoa kiasi gani ili kuhudumiwa? Hapo mtu hakosoi mtu, anasimulia tu, na adabu yake inabaki salama.

Nilijaribu usiku uleule. Sikumuuliza mzee kama karidhika na malazi. Nilimuuliza jana alilala wapi.

"Ndani ya basi la kazini, mwanangu. Kiyoyozi chake kizima."