Shaba na zinki mu damu: karatasi ya laboratwari inasema nini, na inanyamazia nini

Tangu 2024, mugodi wa Kipushi unatosha tena zinki, kisha kulala zaidi ya miaka 30. Ku Kolwezi na Likasi, malori ya shaba hayakatike mu barabara, na inchi yetu sasa ni ya pili mu dunia kwa kutosha shaba, nyuma ya Chile. Hapa kwetu, karibu kila jamaa iko na mutu mu kazi hiyo: baba, shemeji, mutoto. Basi swali linakuja lenyewe: ile shaba tunachimba, imeingia pia mu damu yetu?

Ndiyo, iko mu damu. Na kama ingekosa, tungegonjwa. Mwili wa mutu mukubwa unabeba karibu miligramu 100 za shaba, na gramu 2 mpaka 3 za zinki. Shaba inasaidia mwili kutengeneza damu na kutumia chuma cha mu chakula. Zinki inakomalisha mutoto, inafunga kidonda, inapa mwili nguvu ya kupigana na ugonjwa. Mu laboratwari, kwa mutu mukubwa muzima, wanakuta mara nyingi mikrogramu 70 mpaka 140 za shaba mu desilita moja ya serumu, na 70 mpaka 120 za zinki. Kila laboratwari iko na kipimo chake, lakini hesabu haziachane sana.

Shida inaanza pa kusoma karatasi. Mutu akiwa na kifua kikuu ao homa kali, ini lake linatuma shaba mingi mu damu, na zinki ya mu damu inashuka. Mama mwenye mimba, shaba yake inapanda sana, pengine karibu mara mbili, na hiyo si ugonjwa. Dawa za kupanga uzazi zinafanya pia vile. Kwa hiyo shaba ya juu si lazima itoke mu vumbi ya mugodi. Lakini tugeuze maneno: shaba ya kawaida haionyeshe kama vumbi haikukuumiza, juu mwili wenyewe unatupa shaba ya kuzidi kupitia nyongo. Karatasi yenye kuandika « shaba: sawa » haiwezi kutetea kampani, na yenye kuandika « shaba: juu » haiwezi peke yake kuishitaki.

Sasa tuangalie kile karatasi inanyamazia. Mawe ya kwetu hayabebe shaba na zinki tu. Yanabeba pia kobalti, kadmiumu, arseniki, madini ya risasi (ile ya mu betri ya gari), na pengine uraniumu. Mu 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walitangaza matokeo ya kupima mukojo wa watu wa Katanga. Kwa wale wenye kukaa karibu na migodi na viwanda, walikuta kobalti mingi sana, zaidi kwa watoto, pamoja na kadmiumu na risasi. Mu 2020, utafiti mwingine wa Lubumbashi ulionyesha uhusiano kati ya kazi ya baba mu migodi na watoto wenye kuzaliwa na kilema. Na wenye kupita barabara ya Lusaka wanajua Kabwe: mugodi wake wa risasi na zinki ulifungwa mu 1994, lakini mpaka leo watoto wa pale wanakutwa na risasi mu damu.

Kwa hiyo tunasema waziwazi: mufanyakazi akipimwa, aulize ni madini gani wanatafuta. Risasi inapimwa mu damu. Kobalti na kadmiumu zinapimwa vizuri mu mukojo. Vumbi ya mawe ndani ya kifua inatafutwa kwa radio. Sheria ya kazi ya 2002 inaomba mwajiri atunze mufanyakazi na jamaa yake wakati wa ugonjwa. Sendika ziombe tena kitu kimoja: kila mutu apewe kopi ya matokeo yake, hata mwenye kuandikwa na kampani ndogo ya kazi ya muda. Na mucreuseur, mwenye hana mwajiri, nani atamupima? Pale serikali ndiyo inapashwa kujibu.

Ku nyumba pia kuko kazi. Zinki tunaipata mu sahani. Bukari ya muhogo iko na zinki kidogo, na ya mahindi inashika zinki, mwili unapata sehemu ndogo. Ndakala, nyama, mayai na maharagi yenye kulowekwa vinasaidia. Mutoto akiharisha, pamoja na maji ya chumvi na sukari ya lopitali, wanamupa zinki siku 10 mpaka 14: miligramu 20 kwa siku, ao 10 kama hajatimiza miezi sita. Lakini baba asikunywe vidonge vya zinki miezi na miezi ili « kufukuza shaba ». Zinki ya kuzidi inazuia shaba kuingia mu mwili: damu inapunguka, miguu inaanza kufa ganzi. Na maziwa, wengi wanasema « inasafisha kifua ». Maziwa ni chakula kizuri, lakini hayafike mu mapafu.

Nguo za mugodi zifuliwe mbali na za watoto. Mikono ioshwe mbele ya kugusa bukari. Mifuko ya mawe isilale mu chumba. Mambo haya hayaombe franga nyingi, na hatuyasemi ili kampani zipumzike. Mama anaweza kufua nguo kila siku. Vumbi yenye kutoka ku kiwanda, hawezi kuifunga.