Chupa Isiyo na Kipimo

Kuna maneno tunayoyasikia sokoni na hata penye lango la kanisa baada ya Misa: «Acheni sindano, mababu walitibu kisukari kwa mizizi.» Anayesema hivyo, aghalabu ana chupa ya kuuza. Hujiita mtetezi wa mababu. Mimi nasema amewageuza mababu kuwa pazia la biashara yake.

Tuwatazame wenye mitishamba wenyewe. Wakrii wa Eeyou Istchee, kaskazini mwa Quebec nchini Kanada, ni wenyeji wa asili walioishi kwa kuwinda na kuvua. Walipozoea maisha ya kukaa mahali pamoja na vyakula vya dukani, kisukari kilienea miongoni mwao. Wazee wao walikuwa na mimea yao: majani yachemshwayo kama chai, magome ya miti ya jamii ya msonobari, hata ule mmea wa ajabu wa kinamasi unaonasa wadudu katika jani lenye umbo la mtungi. Hawakukimbilia kujaza chupa. Tangu mwaka 2003 waliketi pamoja na watafiti wa vyuo vikuu, wakaeleza ni dalili gani hutibiwa kwa mmea gani, na mimea 17 ikachunguzwa katika maabara. Tena walifanya mapatano ya maandishi, elimu yao isiporwe. Hao ndio warithi wa kweli wa wazee, nao hawakuogopa kipimo.

Wako pia wasomi wetu wanaocheka kila jani. Wamesahau kwamba metformini, kidonge cha wagonjwa wengi wa kisukari duniani, ina asili yake katika Galega officinalis, mmea wa wakulima wa Ulaya. Ila mmea huohuo huua kondoo! Ilibidi wanakemia watengeneze dawa hiyo huko Dublin mwaka 1922, na daktari Jean Sterne wa Ufaransa atangaze matokeo yake kwa wagonjwa mwaka 1957.

Muuza chupa huficha neno moja zito: kisukari si cha aina moja. Kuna kile kinachowapata hasa watoto na vijana, ambacho kongosho haitoi tena insulini. Kabla ya Januari 1922, Leonard Thompson wa miaka 14 alipodungwa insulini huko Toronto, watoto wa namna hiyo walikufa, hata penye waganga hodari. Hakuna jani lililothibitishwa kushika nafasi ya insulini. Kuikosa siku chache tu kwaweza kuua.

Basi akija na chupa yake, mwulizeni: ni mmea gani? Kipimo chake kiasi gani? Sukari ya damu ilikuwa ngapi kabla, na ngapi baadaye? Ni mzee gani aliyekufundisha, naye amepata nini? Akikasirika, mpelekeni mgonjwa wenu kwenye kituo cha afya siku ileile, na chupa mwende nayo, daktari ajue alichokunywa.